Somo la Makatibu: Uchaguzi wa Simu ya Chama na Suala la Kubadili Programu Zake

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa kumwezesha katibu wa chama cha msingi, pamoja na wajumbe wa Bodi wanaompa idhini ya kununua, kuchagua simu janja itakayofanya kazi za chama kwa miaka kadhaa bila kuhatarisha fedha wala taarifa za wanachama. Aidha, somo linajibu swali ambalo huzuka kila simu ya ofisi inapoanza kuzeeka: je, yafaa kumpa fundi aibadili programu zake, au mambo hayo yamepitwa na wakati? Mazungumzo yanahusu zaidi simu zinazotumia mfumo endeshi wa Android, kwa kuwa ndizo zilizo nyingi madukani na mikononi mwa wanachama.

1. Mfano wa kuanzia

Ichukuliwe kwamba chama kimoja cha wakulima wa korosho kilinunua simu kwa ajili ya ofisi yake. Simu ilikuwa ya bei nafuu, na baada ya mwaka mmoja na nusu ikaanza kuwa nzito. Katibu, kwa nia njema kabisa, aliipeleka kwa fundi wa mjini, naye akaufuta mfumo wake endeshi na kuweka mwingine ulio mpya zaidi. Simu ikarudi nyepesi kama siku ya kwanza, na kila mtu ofisini akafurahi.

Juma la malipo lilipowadia, programu ya benki ilikataa kufunguka, ikaandika kwamba simu hiyo si salama. Orodha ya malipo ya wakulima 240 ikakaa siku nne bila kuidhinishwa, huku katibu akisafiri kwenda na kurudi wilayani kutafuta ufumbuzi. Wakulima walioona majirani wa chama kingine wamekwisha kulipwa wakaanza kunong'onezana kwamba fedha zimeliwa. Hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Lakini mkutano mkuu uliofuata haukuwa na jambo jingine la kuzungumza.

Mfano huu unaonyesha makosa mawili. Kosa la fundi lilikuwa la pili. Kosa la kwanza lilifanyika dukani, siku simu iliponunuliwa kwa kutazama bei na ukubwa wa kioo peke yake.

2. Je, chama kinahitaji simu janja?

Kabla ya kununua, Bodi haina budi kujiuliza simu itafanya kazi gani. Ikiwa kazi ni kupiga simu, kutuma ujumbe mfupi, na kupokea au kutuma fedha kwa njia ya nambari zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli, kitochi kinatosha. Huduma hizo hazihitaji intaneti, na kitochi hukaa na chaji kwa siku nyingi. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi wa Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilienea vijijini kwa simu za aina hiyo.

Simu janja huhitajika pale ambapo katibu anatumia programu ya benki, anapiga picha za stakabadhi za ghala, anatuma taarifa kwa barua pepe, anawasiliana na Bodi kwa WhatsApp, au anaingia katika Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Katika hali hiyo simu ni sehemu ya ofisi, sawa na sefu na kabati la mafaili, na yapasa ichaguliwe kwa uangalifu uleule.

3. Jambo la kwanza la kutazama: umri wa masasisho

Wauzaji husifu kamera, rangi na ukubwa wa kioo. Jambo ambalo huwa hawalitaji ni hili: mtengenezaji ataitunza programu ya simu hiyo mpaka mwaka gani?

Mfumo endeshi wa simu ni kazi ya mikono ya wanadamu, na ndani yake hugunduliwa kasoro kila mara. Mwezi wa Julai 2015 ilitangazwa kasoro moja kubwa ya Android iliyopewa jina la Stagefright. Mtu mwovu aliweza kutuma ujumbe wenye picha ya video na kwa njia hiyo kuingilia simu, hata kama mwenyewe hakuufungua. Mwezi uliofuata kampuni ya Google ilianza utaratibu wa kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Sasisho ni kiraka kinachoziba tundu lililogunduliwa. Mtengenezaji akiacha kutoa viraka, simu huendelea kuwaka na kupiga picha nzuri, lakini matundu yanayogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi.

Kwa muda mrefu watengenezaji wengi walitoa masasisho kwa mwaka mmoja au miwili tu. Hali hiyo imebadilika. Simu ya Google Pixel 8, iliyotoka Oktoba 2023, iliahidiwa miaka saba. Samsung nayo iliahidi miaka saba kwa simu za Galaxy S24 za Januari 2024, na miaka sita kwa Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024, ambayo ni simu ya bei ya chini zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinawataka watengenezaji kutoa masasisho kwa muda usiopungua miaka mitano baada ya kuacha kuingiza aina hiyo ya simu sokoni, na kuweka vipuri kwa miaka saba. Kanuni hizo hazimfungi mwenye duka wa Afrika Mashariki. Hata hivyo zinaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Katibu atambue kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ya aina hiyo ilipotolewa kwa mara ya kwanza, wala si tangu siku chama kilipoinunua. Simu iliyoahidiwa miaka minne na kukaa dukani miaka mitatu imebakiwa na mwaka mmoja, hata kama boksi lake halijafunguliwa.

4. Hesabu ya bei ya kweli

Waswahili husema rahisi ni ghali. Hesabu ifuatayo inathibitisha. Bei zilizotumika ni za mfano.

Simu ya kwanza: bei shilingi 320,000, miaka ya masasisho iliyosalia ni 2. Gawanya 320,000 kwa 2. Gharama yake ni shilingi 160,000 kwa mwaka.

Simu ya pili: bei shilingi 540,000, miaka ya masasisho iliyosalia ni 6. Gawanya 540,000 kwa 6. Gharama yake ni shilingi 90,000 kwa mwaka.

Simu iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Hesabu hii iandikwe katika maombi ya ununuzi yanayopelekwa mbele ya Bodi, ili wajumbe wasije wakamlaumu katibu kwa kupenda vitu vya anasa, wala wasimlazimishe kununua simu ambayo itabadilishwa kabla ya misimu mitatu kupita. Iwapo chama hakina uwezo wa kulipa shilingi 540,000 kwa mara moja, ni bora kungoja msimu mmoja na kuendelea na kitochi kuliko kununua hasara.

5. Mambo mengine ya kukagua dukani

Uhalali. Kila simu ina nambari ya utambulisho yenye tarakimu 15, nayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Nchini Tanzania nambari hiyo hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na jibu huonyesha aina ya simu iliyosajiliwa kwa nambari hiyo. Jibu likitofautiana na simu iliyo mkononi, isinunuliwe. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Waliouziwa bandia hawakurudishiwa fedha zao na mitandao.

Kumbukumbu. Kuna ramu, ambayo ni sawa na meza ya kufanyia kazi, na kuna hifadhi, ambayo ni sawa na kabati. Kwa kazi za ofisi, ramu ya GB 4 na hifadhi ya GB 128 ni kiasi cha kuridhisha. Hifadhi ndogo hujaa picha za stakabadhi, na simu iliyojaa haiwezi kupokea masasisho hata kama mtengenezaji anayatoa.

Betri na vipuri. Mahali ambapo umeme hukatika, betri ya uwezo wa 5,000 ni bora kuliko kamera ya pili. Kabla ya kununua, katibu aulize kwa mafundi wawili wa mjini kama kioo na betri ya simu hiyo hupatikana, na kwa bei gani.

Simu za mtumba. Simu nyingi zilizotumika huingia kutoka Dubai na kwingineko. Nyingine ni nzuri. Lakini nyingine zimefungwa kwa mtandao wa nchi ya nje, na nyingine bado zimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, hivyo zikifutwa huomba nenosiri ambalo mnunuzi hana. Kwa hiyo simu ya mtumba iwashwe, ifutwe na kuanzishwa upya dukani mbele ya muuzaji, kabla ya fedha kutolewa. Asikubali mtu kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tarehe ya kiraka. Katika Mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu, huonyeshwa tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Simu iitwayo mpya ambayo tarehe yake ni ya miaka miwili iliyopita inajieleza yenyewe.

6. Kubadili programu ni nini?

Mafundi hutumia maneno matatu, na yafaa yatofautishwe.

Kuflashi ni kuufuta mfumo endeshi na kuupandikiza tena. Fundi akipandikiza ule ule wa kiwandani, hayo ni matengenezo ya kawaida. Akipandikiza mfumo mbadala uliotengenezwa na watu wengine, hayo ni mabadiliko. Ili kuweka mfumo mbadala, ni lazima kwanza afungue kufuli la programu inayoiwasha simu, na tendo hilo hufuta kila kitu kilichomo.

Kuruti ni kumpa mwenye simu mamlaka ya juu kabisa ambayo kiwanda kilijiwekea. Mwenye mamlaka hayo anaweza kuondoa programu yoyote na kubadili sehemu yoyote. Hatari yake ni kwamba programu mbovu ikipewa ruhusa hiyo, nayo inaweza kufanya hayo hayo.

La tatu ni kuweka programu moja moja zilizochakachuliwa, ambazo hazipatikani katika duka rasmi la programu. Mfano unaojulikana sana ni zile zinazoiga WhatsApp, kama GBWhatsApp.

7. Kwa nini watu walianza kubadili

Isidhaniwe kwamba kazi hii ilianzishwa na wahuni. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliuzwa kuanzia Oktoba 2008, na mapema sana wenye simu hizo wakaona kwamba watengenezaji huzitelekeza upesi. Mwaka 2009 Steve Kondik wa Marekani alianzisha mfumo mbadala ulioitwa CyanogenMod, na watu wa nchi nyingi wakajitolea kuuendeleza. Kampuni iliyoundwa juu yake ilifunga huduma zake mwishoni mwa mwaka 2016, lakini wale waliojitolea walichukua kazi yao, wakaipa jina la LineageOS, nao wanaiendeleza hadi leo. Mwanaushirika hatakosa kuuona undugu uliopo hapo: watu walioachwa na mwenye mali waliungana wakaitunza mali yao wenyewe.

Zamani faida zilikuwa nyingi. Lakini moja baada ya nyingine, zimehamia kiwandani. Kugawa intaneti ya simu kwa kompyuta kuliingia katika Android 2.2 ya mwaka 2010. Kupiga picha ya kioo kuliingia katika Android 4.0 ya mwaka 2011. Uwezo wa kuinyima programu ruhusa ya kusoma majina au kutumia kamera uliingia katika Android 6.0 ya mwaka 2015. Kioo cheusi cha kupumzisha macho kilikuja rasmi mwaka 2019, na kurekodi kioo mwaka 2020. Aliyeruti simu yake zamani ili apate mambo hayo, leo anayapata bila kugusa kufuli.

8. Gharama za kubadili zilivyopanda

Faida zilipokuwa zikipungua, gharama zilikuwa zikipanda. Tangu mwaka 2013 simu nyingi za Samsung huwekwa alama ya kudumu ndani yake pindi programu isiyo rasmi inapopandikizwa. Alama hiyo haifutiki, na baadhi ya huduma za usalama za simu hiyo hazirudi tena. Mwaka 2018 Huawei iliacha kuwapa wateja nambari za kufungulia kufuli.

Zaidi ya yote, programu za fedha siku hizi huiuliza simu swali kabla ya kufunguka: je, mfumo wako ni ule wa kiwandani, na kufuli lako limefungwa? Google ndiyo inayotoa nyenzo za kuuliza swali hilo, na benki nyingi huzitumia. Simu ikijibu hapana, programu hujifunga. Ziko mbinu za kuidanganya programu, lakini hukatika bila taarifa, na siku ya kukatika yaweza kuwa siku ya malipo. Hili ndilo lililokipata chama kilichotajwa mwanzoni.

Programu zilizochakachuliwa ni mbaya zaidi, kwa sababu hazihitaji hata fundi. Mwezi wa Agosti 2021 wataalamu wa kampuni ya Kaspersky walieleza kwamba toleo mojawapo la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu hatari iitwayo Triada, yenye uwezo wa kuleta programu nyingine mbaya na kumwandikisha mtu katika huduma za kulipia bila ridhaa yake. WhatsApp yenyewe huwasimamisha watumiaji wa matoleo hayo. Chama ambacho kundi lake la Bodi limesimamishwa katikati ya msimu kimejitakia.

Kadhalika liko suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Majina ya wanachama, nambari zao za simu, akaunti zao za benki na uzito wa mazao yao ni amana. Mwanachama alimpa katibu taarifa hizo kwa ajili ya malipo. Hakumpa ruhusa ya kuzipitisha katika programu isiyojulikana asili yake.

9. Je, kubadili kuna maana bado?

Jibu ni ndiyo, lakini si kwa simu ya fedha.

Simu nyingi nzima hutupwa kwa sababu mtengenezaji ameziacha. Mfano wa WhatsApp unatosha: tangu Januari 2025 haifanyi kazi katika simu zilizobaki kwenye Android 4.4 au zilizo chini yake. Simu ya namna hiyo, iwapo ipo katika orodha ya zile zinazohudumiwa na LineageOS, inaweza kupewa mfumo mpya zaidi na kuongezewa miaka ya kazi. Chama kinaweza kuitumia kupigia picha magunia ghalani, kusomea taarifa za hali ya hewa, au kuwaonyesha wanachama masomo ya kilimo.

Masharti yake ni manne. Isiwe na programu ya benki wala laini iliyosajiliwa kwa ajili ya fedha za chama. Isihifadhi orodha ya wanachama. Mfumo wake uchukuliwe kwa wenyewe wanaoutengeneza, usitoke kwenye kadi ya kumbukumbu ya fundi asiyejulikana. Na nakala ya kila kilichomo itolewe kabla ya kazi kuanza. Ieleweke pia kwamba wanaojitolea huweza kuziba matundu ya mfumo endeshi, lakini sehemu zinazotoka kwa mtengenezaji wa vifaa vya ndani hawawezi kuzitengeneza zote. Simu iliyofufuliwa ni msaidizi mzuri. Isipewe ufunguo wa sefu.

10. Utaratibu wa chama

Simu ikishanunuliwa, iandikwe katika daftari la mali pamoja na nambari yake ya tarakimu 15, bei, na mwaka ambao masasisho yake yatakoma. Mwaka huo uwekwe katika makadirio ya chama, ili fedha za simu nyingine ziwe tayari kabla ya haja kufika. Akaunti ya simu iwe ya chama, isiwe ya katibu binafsi, na nenosiri lake lifungwe katika bahasha na kutunzwa kwenye sefu kwa mujibu wa uamuzi wa Bodi. Katibu anapobadilishwa, simu na bahasha vikabidhiwe kwa maandishi, kama yanavyokabidhiwa mizani na vitabu vya stakabadhi. Masasisho yakitokea, yapokelewe ndani ya juma hilo hilo. Na fundi asiiguse programu ya simu hiyo bila idhini ya Bodi iliyoandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Iwapo chama cha korosho kilichotajwa mwanzoni kingefuata utaratibu huu, simu nzito ingegunduliwa mapema kuwa imefikia mwisho wake. Ingehamishiwa ghalani, nyingine ingenunuliwa kwa fedha zilizotengwa, na wakulima 240 wangelipwa siku yao.

Maswali ya majadiliano

1. Simu inayotumika sasa katika ofisi ya chama ilitolewa mwaka gani, na masasisho yake yatakoma lini?

2. Tarehe ya sasisho lake la mwisho la usalama ni ipi? Katibu aisome mbele ya kikundi.

3. Simu moja inauzwa shilingi 400,000 na imebakiwa na miaka 4 ya masasisho. Nyingine inauzwa shilingi 270,000 na imebakiwa na miaka 2. Ipi ni nafuu, na kwa tofauti ya shilingi ngapi kwa mwaka?

4. Je, kuna mjumbe wa Bodi anayetumia programu iliyochakachuliwa kupokea taarifa za chama? Hatua gani inafaa kuchukuliwa?

5. Chama kina simu mbili za zamani kabatini. Kikundi kieleze ni kazi gani zinaweza kupewa, na ni kazi gani zisipewe kamwe.